Kanyagio la Mama

Kaka yangu mpenzi,

Salamu zikufikie huko ulikojifungia. Mguu wa kulia unaendeleaje? Natumaini sasa unakuruhusu kupata usingizi wa kueleweka. Sisi huku ni wazima. Mama anakohoa kidogo asubuhi, ila ulimi wake haujaugua hata siku moja. Shemeji yako naye anakusalimu sana.

Najua ulichosema baada ya ile ajali ya gari: kwamba rubani mwenye mguu mmoja wa kutegemea ni abiria tu, kwamba hutaki tena kusikia habari za ndege, na kwamba hutakuja nyumbani kuonewa huruma. Maneno yako niliyasikia, na nimeyapuuza. Barua hii ni ya ndege mwanzo mpaka mwisho, na nakuomba usiichane kabla hujaimaliza.

Nimekujengea chumba cha rubani. Kiko kwenye stoo ya nyuma, pale tulipokuwa tunaweka mbao. Kina viti viwili, dashibodi, usukani, na mbele yake skrini tatu zinazoonyesha anga na viwanja, kompyuta ikiendesha yote. Hakipandi juu, lakini ukikaa ndani tumbo linadhani kimepanda.

Shemeji yako, unamjua kwa vitu vya madukani, alitaka tununue kila kitu tuunganishe tu. Alisema vyote vinakuja ndani ya maboksi na maelekezo yake, ya nini kujitesa? Nikamjibu kwamba seremala hanunui kiti. Tulinuniana kidogo, kisha nikakubali skrini, kompyuta na usukani, maana ubao hauonyeshi mawingu. Mengine nikasema niachiwe mimi na msumeno wangu.

Kielelezo changu kilikuwa ile picha yako ya sebuleni, uliyojipiga kwa simu ndege ikiwa imeegeshwa, dashibodi nyuma yako. Nikapima, nikakata plaiwudi, nikapaka rangi ya kijivu. Ilipendeza, kaka! Nikamwita Mama aje ashangae. Akaitazama kazi, akaitazama picha, akauliza kwa nini mfuko wa shati lako uko kulia, ilhali shati hilo alilishona yeye na hajawahi kuweka mfuko kulia maisha yake yote. Kumbe simu iliigeuza picha kama kioo, na mimi nimejenga ndege nzima kinyumenyume, rubani mkuu, ambaye hukaa kushoto, nimemkalisha upande wa msaidizi wake! Shemeji yako alicheka mpaka akakaa chini. Akasema vya dukani visingetufikisha huko. Nikabomoa, nikaanza upya. Hii ya pili, nakuambia bila kujisifu, au tuseme kwa kujisifu, hata droo za Mama hazifungi vizuri hivyo.

Zikabaki pedali. Shemeji yako alizinunua kimyakimya, akaniletea akitabasamu. Zilikuwa nzuri, sina la kuziponda. Lakini zilitaka miguu miwili, wa kushoto kupeleka ndege kushoto na wa kulia kuipeleka kulia. Nikazirudisha kwenye boksi. Alipoelewa, tabasamu likamwisha, maana bila pedali utakazoziweza, kazi yote ile ingekuwa ya kukuumiza tu. Mimi nikapendekeza hili, yeye lile, na hakuna lililofaa.

Mama alikuwa anashona huku akitusikiliza. Akatuita, akatuambia tutazame mguu wake. Kanyagio la cherehani ni moja, kaka. Vidole vikikandamiza linainama mbele, kisigino kikikandamiza linarudi nyuma. Mguu mmoja unafanya kazi ya miwili. Nikaliunganisha na kitufe cha kuzungusha, kile cha kuongezea na kupunguzia sauti, kutoka redio mbovu, waya zikaenda kwenye kompyuta, na ndege ikageuka kushoto na kulia kwa mguu wa kushoto peke yake. Nilipiga kelele mpaka majirani wakaja.

Sasa nikuungamie. Kanyagio hilo sikulinunua wala sikulitengeneza. Nililifungua kwenye cherehani ya Mama, ile ile iliyokusomesha urubani. Aliponiambia nilifungue nilikataa, nikamwambia nitatafuta jingine kwa mafundi. Akaniambia niache ujinga: mguu wake ndio uliokupeleka angani mara ya kwanza, na haoni kwa nini ushindwe mara ya pili. Spana alinishikia mwenyewe. Siku hizi anashona kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono, polepole, na ukimwonea huruma atakuchapa na rula. Kwa hiyo usiogope huruma za huku. Katika nyumba hii hazipatikani.

Alikuwa wa kwanza kukijaribu chumba. Kuruka aliruka vizuri, lakini wakati wa kutua aliingia kwenye jengo la abiria, akauliza nani aliyelijenga pale. Tangu siku hiyo amehamia kiti cha kulia. Kila jioni anaingia na vifungo vyake vya kushonea, anakaa, na cha kushoto hataki mtu akiguse, hata mimi niliyekitengeneza. Anasema msaidizi haondoki bila mkuu wake.

Wasalimie wote wanaokuangalia huko, uwaambie tunawashukuru, na kwamba unasafiri.

Ni mimi mdogo wako,
Nyundo