Ulimwachia Ireri Maneno Gani, Baba?

Baba,

Kwa miezi kumi na mmoja sikukusemesha. Wengine wakija nyumbani Kibugu walikuwa wanapita kwanza kaburini kwako, wanang'oa magugu, wanakuambia habari za majani chai na mvua. Mimi nilipita kando ya ua nikiangalia upande wa pili. Najua utasema Wanja amezoea kununa. Hii haikuwa kununa. Nilikuwa nakushuku, Baba. Niliamini umenilaani.

Leo nakuandikia nikiwa Kiirua, daftari nimeliweka juu ya usukani. Wapakiaji wanapandisha viazi huko nyuma na kila gunia likitua kiti kinatikisika. Upepo wa hapa unaujua, nimelazimika kufunga vioo kwa sababu ya vumbi. Nina kama saa moja hivi kabla hawajamaliza.

Unakumbuka siku niliyokuja kuwaambia nimeacha kazi ya usekretari shuleni? Miaka kumi na tisa ya kupiga chapa mitihani ya watu, halafu nikasema nataka kuendesha lori. Mama alishika kichwa. Mdogo wangu Ireri alicheka akasema, "Sista, na hiyo miaka yako arobaini na nne, si ungoje tu pensheni?" Wewe ulimaliza uji wako kwanza. Kisha ukaniuliza kama sina viatu vingine, maana nilikuwa nimevaa vya kisigino. Nikavaa gambuti za Mama tukaenda kwenye lori lako.

Siku tatu hukunifundisha kwa neno hata moja. Uliketi kando yangu, mikono juu ya magoti, na nikikosea gia ulikuwa unashika mlango. Siku ya nne ndiyo ulifungua mdomo. Ukaniambia mteremko nishuke na gia ile ile ambayo ningepandia, na kwamba nikisikia breki zinanuka basi nimeshachelewa. Nilipopata leseni ya lori ulikuwa umeanza kukohoa. Ukasema, "Kwanza zoea lori ya watu. Ukirudi utachukua hii yangu." Hayo maneno niliyaweka moyoni, na wewe mwenyewe ukanipeleka kwa Mama Kendi, yule mama wa Kiirua anayeuza viazi Embu.

Hata huyo nilimshuku. Nilijiuliza kwa nini mtu anipe lori lake mimi, mwanamke wa makamo anayenuka wino wa ofisi. Nilifikiri lazima lina ugonjwa ambao madereva wengine wanaujua. Nililizunguka mara mbili, nikalala chini yake na nguo nzuri, nikagonga magurudumu yote kwa spana nikisikiliza. Sikupata kitu ila kiti kilichofungwa kwa waya. Mama Kendi alikuwa amesimama pale na leso yake kiunoni, akasema, "Baba yako alisema utafanya hivyo."

Mwezi mmoja baadaye ukalala kitandani, na miezi minne baada ya hapo ukafa. Nilikuwa barabarani na mzigo, simu iko ndani ya mkoba kama ulivyonifunza. Nilipoegesha sokoni Embu nilikuta Ireri amenipigia mara kumi na moja. Sikuhitaji kumpigia ndipo nijue.

Siku ya tatu baada ya kukuzika, watu wakiwa wameketi uani, Ireri alisimama. Alisema asubuhi ile mlikuwa wawili tu chumbani, na kwamba ulimwachia kirumi. "Baba alisema Wanja asikalie kiti ya hiyo lori. Milele." Akaketi. Baba, wewe unajua uzito wa kirumi kwetu. Neno la mzazi anayekata roho hakuna anayelipima, na anayelivunja watu wanangoja tu kuona kitakachompata. Hata waimbaji wa kwaya walinyamaza. Mchungaji alisema sisi ni Wakristo na hayo mambo tuliyaacha, lakini nilimwona akiangalia chini aliposema. Mama alinishika mkono akaninong'oneza, "Wacha hiyo lori, mwanangu. Wacha tu."

Basi nikaanza kuchunguza. Mmoja wenu alikuwa mwongo. Ama wewe ulinidanganya uliponiahidi lori, ama Ireri alikusingizia. Nilimshuku Ireri kwanza. Nikajiambia anataka kuliuza. Lakini mwezi ukapita, wa pili ukapita, lori likabaki pale pale chini ya miti ya mikima, nyasi zikaota mpaka kwenye ngazi ya mlango. Hakuliuza, hakulikodisha, hakutafuta dereva. Mtu anayeiba kitu halafu asikitumie ameiba nini? Hapo ndipo nikakugeukia wewe.

Na ukishaanza kumshuku mtu, ushahidi haukosekani. Nilikumbuka zile siku tatu za kimya nikaona ulikuwa unachukia kuniona kwenye kiti chako. Nilikumbuka ulivyonipeleka kwa Mama Kendi nikaona ulikuwa unaniondoa kwako polepole. Gurudumu likipasuka, nilisema ni wewe. Kioo cha pembeni kilidondoka chenyewe nikiwa nimesimama, hakuna aliyekigusa, nikasema ni wewe tu. Wapakiaji wa hapa waliponizoea wakaacha kuniuliza, "Madam, dereva ako wapi?" na mimi badala ya kufurahi nikashuku wameshasikia habari zangu na wananihurumia. Nilikuwa naendesha vizuri, Baba. Mama Kendi aliniambia hivyo mbele ya watu. Lakini nilikuwa naendesha na hofu na hasira, na sikuwa na wa kumwambia kwa sababu wa kuambiwa ulikuwa wewe.

Wiki tatu zilizopita, Jumapili, nilienda nyumbani bila kumwambia mtu. Mama alikuwa bado kanisani. Nilipofika langoni nikasikia injini. Ile sauti ninaijua, ina kikohozi kidogo kabla haijatulia. Nikapita katikati ya majani chai nisionekane, nikaja mpaka mlangoni mwa lori. Ireri alikuwa ndani. Hakuwa kwenye kiti cha dereva. Alikuwa ameketi pale ulipokuwa unaketi wewe ukinifundisha, mikono juu ya magoti, injini inanguruma. Jirani aliniambia baadaye kwamba anaiwasha kila Jumapili ili betri isife.

Nikafungua mlango. Nilimwambia, "Rudia. Rudia kirumi cha Baba sasa hivi, ukiniangalia machoni."

Ireri yule mwenye maneno akalia kwa sauti, mtu wa miaka thelathini na tisa, na mimi nikabaki nimeshika mlango.

Haya ndiyo aliyosema, nayaandika kama alivyoyasema. "Hakukuwa na kirumi. Mimi ndiye nilikuwa namgeuza kitandani. Namwosha, nampea uji na kijiko, miezi minne, Wanja. Na hiyo asubuhi anafungua macho, ananiangalia vizuri kabisa, nikajua sasa ataniambia kitu. Akaniuliza, 'Wanja amefika wapi?' Basi. Hakuuliza hata kama mimi nimelala. Nikamwambia sijui. Akafunga macho."

Alisema kule uani alitaka tu niumie kidogo. Halafu watu wakanyamaza vile, na kirumi kikishasemwa nani anaweza kusema alikuwa anatania? Aliogopa kuliuza lori, aliogopa kuliendesha, akaanza kuogopa hata kukuota.

Nilimchunguza uso, unajua ninavyochunguza. Nilitafuta uongo wa pili nyuma ya ule wa kwanza. Sikuupata. Hakuna mtu angejitungia hadithi inayomuumiza hivyo. Nilitaka kumpiga kofi, na mkono niliuinua kweli. Kisha nikahesabu mara nilizokuja kukuona katika hiyo miezi minne. Ni tano, na kila mara nilikuja na mkate na haraka. Nikaushusha mkono, nikapanda upande wa pili, tukaketi wote wawili mpaka Mama akarudi kutoka kanisani.

Jumamosi iliyopita Ireri aliwaita watu wale wale waliomsikia. Wazee walisema aliyelitamka neno uani alirudishe uani, na alilirudisha, akisimama pale pale. Baadhi yao bado wananiangalia kwa jicho la pembeni, na mmoja alimuuliza Mama kama mimi ndiye nimemlazimisha. Waache waniangalie. Nimeonja kushuku mtu kwa karibu mwaka mzima na ninajua hawatalala vizuri.

Nilimwomba radhi Mama Kendi nikamrudishia ufunguo wa lori lake, akaniambia viazi vyake nitaendelea kubeba, lakini sasa kwa lori letu. Fundi alibadilisha betri na mipira ya breki. Leo ni safari ya kwanza. Naona magunia yanakaribia kwisha, yote ni ya lumbesa, yamejazwa kupita kiasi na kushonewa kofia juu, na nimeshawagombeza wapakiaji kwa ajili hiyo.

Nisamehe, Baba. Ulinipa ulichoniahidi na mimi nikakunyima salamu miezi kumi na mmoja. Nisamehe pia kwamba kazi ya kukuosha nilimwachia Ireri peke yake, kisha nikashangaa kwamba alikuwa na uchungu.

Nakuahidi hivi: kuanzia leo, kila nikisimama nitampigia Ireri. Nkubu, Runyenjes, popote. Nitamwambia nilipo kisha nitamuuliza kama amekula. Hatawahi tena kuulizwa juu yangu aseme hajui.

Wananigongea mlango, mzigo uko tayari. Lala salama, Baba yangu.

Na asubuhi ile ulipouliza, nilikuwa nimefika Chuka. Nilikuwa nimesimama nikikununulia ndizi. Nilikuwa nakuja.

Binti yako,
Wanja