Mnara Mbele ya Mlango

Masumbwe, 4 Februari 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, hofu ni kwenu huko Ushetu. Goti lako vipi? Bado napanda minara ya simu, usinune. Leo nikiwa juu nimeona mnara wa msikiti, mnara wa tenki la maji na ule wa chuma wa mgodini, yote imekuwa midogo, nikacheka peke yangu. Kampuni ilisema sasa ni zamu ya kijiji chetu. Tungeacha kumsumbua kondakta wa basi kwa barua zetu! Lakini nasikia mkutano wa kijiji umeukataa mnara. Nani huyo mwenye roho mbaya?

Mwanao, Loveness

Ushetu, 19 Februari 2024

Mwanangu Loveness,

Marahaba. Tu wazima, goti ndilo hilo hilo.

Mwenye roho mbaya ni mimi. Nilisimama mkutanoni nikasema mnara utavuta radi na kukausha maziwa ya ng'ombe. Wakaniamini, maana hawajazoea uongo wangu. Ungejengwa, ungekuja kuupanda wewe. Baba yako Bujiku alipanda mnara wa kanisa kutengeneza kengele, na leo mimi ni mjane. Rudi nyumbani, tumbaku inataka mikono.

Mama yako

Masumbwe, 3 Machi 2024

Mama,

Shikamoo. Nimekasirika, sifichi. Si wewe uliyeniandikia kwamba Mwamvua wa jirani alishikwa na uchungu, mumewe akahangaika na baiskeli kutafuta mtandao aite gari, na aliporudi mtoto ameshakufa? Baba alipanda bila kamba. Mimi nina mkanda na kamba mbili. Waambie watu ukweli, la sivyo nitakuja kuwaambia mimi.

Loveness

Ushetu, 27 Juni 2024

Mwanangu,

Habari za siku nyingi? Nilinyamaza kwa hasira, kisha kwa aibu. Mwamvua hunisalimia kila asubuhi, na salamu yake inanichoma.

Nimesema ukweli mkutanoni. Wengi walicheka, Mwamvua hakucheka. Mnara umekubaliwa, nami nimetoa kipande cha shamba, pale pale mbele ya mlango wangu. Usinishangae. Siku ile ya baba yako nilikuwa jikoni nasonga ugali. Alikuwa anaijaribu kengele, mara mlio ukakatika. Nikasubiri ilie tena, haikulia. Ndivyo nilivyojua. Sitaki kujua hivyo mara ya pili. Ukipanda, nikuone.

Mama yako

Ujumbe wa simu, 11 Novemba 2024

Mayu, mama yangu, shikamoo! Mtandao umewaka, na huu ndio ujumbe wangu wa kwanza kwako. Kesho nakuja kufunga taa ya juu. Uniwekee maziwa ya mgando. Nikifika kileleni nitakupungia mkono. Loveness

Ujumbe wa simu, 11 Novemba 2024

Marahaba mwanangu. Maziwa yapo. Nitakaa mlangoni. Usinipungie mkono, shika chuma. Mama yako