Kilio Nilichokupa Harusini

Ouma,

Ile harusi yako imefanyika. Naiita yako kwa sababu wewe ndiye uliyempa Akoth mkono pale stoo yetu ya tenti, bila kuniuliza, ukamwambia atafunga ndoa ufukweni kwenu Asembo na tenti zipo. Kisha ukaenda zako ukaniachia. Nimerudi Kisumu jana. Miguu imevimba, sauti imekauka, na nimechoka uchovu ule ambao hata usingizi hauutoi. Lakini kuna jambo nimelifanya kwa jina lako, na nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa mwingine. Watu wa kwenu nawajua, hata huko uliko wakija watakuja na habari.

Wiki ya tatu baada ya kukuzika, Akoth alipiga simu kutoka huko ng'ambo kwenye baridi anakofanya kazi ya uuguzi. Alinipa pole kwa heshima, halafu akasema kama nimelemewa atatafuta watu wa Nairobi, hatakasirika. Ningejibu asante na mambo yangeishia hapo. Badala yake nikamwambia neno la Ouma ni neno. Sijui kiburi kile kilitoka wapi. Labda nilifikiria midomo ya Asembo, kwamba Ouma alimwahidi binti wa kwao harusi na harusi ikafa naye. Hilo nisingelivumilia. Basi tangu siku hiyo nikawa na kazi moja tu, harusi ile isimame, na isimame vizuri.

Akoth alimweka msichana wa Nairobi wa kupanga mambo, jina lake Sheila. Si mtu mbaya. Ila alinitumia picha, Ouma, picha asubuhi, picha mchana, zote za bahari na minazi. Nikamwambia hili ni ziwa. Akasema anajua, lakini tujitahidi. Akauliza kama wale kina mama wanaoanika dagaa wa omena kwenye mchanga wanaweza kuhamishwa, na kama ile harufu inaweza kufanyiwa kitu. Nimekwenda Asembo mara tatu kwa ajili ya omena tu. Kina mama walikubali kutoanika siku moja, kwa sharti kwamba waalikwe wote. Wakaalikwa. Sheila alipoona orodha mpya ya wageni, siku hiyo hakutuma picha hata moja.

Alitaka pia maharusi wale kiapo saa kumi, jua likiwa zuri kwa picha. Hapo nilikukumbuka. Ulivyokuwa ukitupia maji jicho moja saa sita na kusema, "Omera, ndugu yangu, tufunge, upepo anakuja." Wewe ungemwambia kwa mzaha, angecheka, angekubali. Mimi nilibishana naye siku nne kwenye simu ndipo tukapatana saa tano asubuhi.

Ijumaa tulikuwa Katito, kwenye mazishi ya mzee aliyekuwa mwalimu. Unazijua hotuba za walimu. Tulitoka huko jioni, udongo mweusi umeganda kwenye miguu ya viti, na tulipofika Asembo hakuna aliyejiweza. Kulipokucha nikaona ghuba nzima ni kijani. Upepo ulikuwa umeyaleta magugu maji yote hadi mchangani. Hakuna ziwa, hakuna picha, ni majani tu hadi kule mbali. Wavuvi wakaanza kuyavuta kwa mashua na mimi nikakunja suruali nikaingia majini pamoja nao, na hapo ndipo nilipokosea. Sheila alikuwa amenipa mchoro wa kupanga viti, sikuuelewa, na ulikuwa umelowa mfukoni. Vijana wetu wakaniuliza tenti zipigwe vipi. Nikiwa na magugu hadi kiunoni, nikawajibu, "Pigeni kama kawaida."

Kama kawaida, Ouma. Miaka kumi na minane tumepiga tenti pamoja, na ni mara ngapi tumepigia harusi? Nilipotoka majini nilikuta tenti mbili ndefu zinatazamana, na katikati, peke yake, ile ndogo ya mapazia ya lesi ambamo jeneza hukaa. Viti vimepangwa kwa familia, kwa kanisa, kwa majirani. Fundi wa spika alikuwa anajaribu mitambo yake kwa ule muziki wa kinanda wa polepole, maana ndio alionao. Sheila alikuwa amefurahi, akasema pamependeza. Yeye hakuwa na habari. Lakini kina mama wa omena walifika wamevaa vizuri, wakatazama, wakapunguza sauti, wakaketi upande wa kushoto na kuvuta leso mabegani. Nikajiambia maua yatasaidia, na saa ilikuwa imekwisha.

Wewe ungechora chini kwa kijiti dakika mbili na yote hayo yasingetokea. Mimi nilikuwa mtu wa kamba na vigingi, kichwa cha mambo hayo kilikuwa chako. Sikuwahi kukuambia hivyo ukiwa hai kwa sababu ungevimba.

Ndipo gari likamleta Dani, nyanyake Akoth. Mama huyu alikuwa amelazwa hospitali hapa Kisumu muda mrefu, ametoka juzi juzi, na macho yake si mazuri. Alishuka akishikwa mkono. Akasimama. Akazitazama tenti zetu, akaniona mimi ninakwenda kumpokea, akaweka mikono kichwani, akapiga nduru ya msiba.

Huhitaji kuelezwa. Kina mama wa omena wakaitikia hapohapo bila kuuliza, maana huko kwenu mtu hulia kwanza ndipo aulize nani. Mmoja wao akakimbia moja kwa moja hadi ile tenti ndogo, mikono hewani, akafungua pazia akakuta keki. Alibaki amesimama pale. Wageni wa bwana harusi waliotoka ng'ambo walidhani ni ngoma yetu, na mzee mmoja wao akapiga makofi. Ningecheka kama ningekuwa mtu mwingine mahali pengine.

Akoth alitoka nyumba ya wageni mbio, kichwa kimesukwa upande mmoja, akiuliza kama Dani amekufa. Dani alikuwa palepale analia. Akoth akauliza sasa ni nani basi, na kila mtu akamtazama mwenzake. Ndipo baba yake mkubwa, yule mzee mfupi asiyevua kofia, akanyoosha mkono watu wanyamaze. Akasema, "Kilio imetoka na hakuna mtu amekufa. Sasa inatafuta nani hapa?"

Unajua watu wa huko wanavyoogopa kilio kisicho na mwenyewe. Mzee akasema hawezi kumtoa binti siku kama hiyo, ndoa ingoje siku nyingine. Siku nyingine ipi? Akoth na mumewe walikuwa wanapanda ndege Jumatatu. Nilimwona akikaa kwenye kiti chetu cha plastiki na kuziba uso kwa mikono, na Sheila akinitazama mimi, na mimi nikitazama tenti nilizozipiga kwa mdomo wangu mwenyewe.

"Ni cha Ouma, mzee," nikasema. "Ouma wa tenti. Dani alikuwa hospitali, hakuwa kwa mazishi."

Sikuwa na hakika hata kama mama yule alikujua. Nilijua tu kwamba aliyekosa mazishi hulia siku ya kwanza anapowakuta wafiwa, umeniambia hivyo mara nyingi, na mimi na lori letu ndio wafiwa wako waliokuwepo. Nilikuchomoa kama kigingi cha akiba nikakupigilia palipolegea.

Mzee alivua kofia. Akasema kama ni ya Ouma, aachwe alie amalize. Basi sasa kina mama wakakulia kwa jina, na waliokujua wakazidisha. Mchungaji akaomba sala fupi mbele ya keki. Wakapangusa pua, wakakaa, na mmoja wao akapiga kigelegele na kikapokewa. Hivyo tu, ikaisha.

Niliomba nusu saa. Tukaing'oa ile tenti ndogo kabisa, tukazigeuza zile ndefu zitazame maji, na maharusi wakasimama juani mchangani, nyuma yao ule uwazi ambao wavuvi waliufungua. Upepo ulikuja mapema, ukachukua tao la vitambaa la Sheila na kulitandaza juu ya magugu, na ilibidi Akoth aseme kiapo chake kwa sauti ya kuita mashua. Alikuwa anacheka. Ndoa imefungwa, watu wamekula, wamecheza. Hakuna mtu Asembo atakayesema neno lako lilikufa nawe.

Lakini mimi sikuweza kula. Nilikaa nyuma ya lori na sahani magotini, najiona mwizi. Miaka yote tulibishana kuhusu kuzika. Ulisema sisi Waislamu wa mjini tunazika mtu kama tunaficha kitu, nikakwambia nyinyi mnamngoja wiki mbili huenda atabadili nia. Ulicheka hadi ukajishika mbavu. Na sasa mtu kama mimi nimechukua kilio chenu, ambacho si cha mchezo, nikakitumia kuokoa kazi. Nilitaka kuondoka Asembo haraka.

Saa kumi tulikuwa tunakunja. Dani alikuwa amebaki kwenye kiti kimoja chini ya tenti ya mwisho na sikuweza kuiangusha hadi ainuke. Nikachuchumaa mbele yake nikamwomba radhi. Nikamweleza kwamba nilisema alikuwa anamlilia Ouma kwa kuwa nilikosa la kusema, na kwamba kosa lilikuwa la tenti, si lake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kwa Kijaluo, polepole ili nielewe, "Wewe ulidhani nilikuwa namlilia nani?"

Alisema macho yake ni mabaya lakini si mabaya kiasi hicho. Harusi ya mjukuu wake aliijua, alikuwa amevaa kwa ajili yake tangu alfajiri. Tenti hizo pia anazijua. Ulimpigia alipomzika mumewe, ukampigia alipowazika wanawe wawili, na kila mara, kabla lori halijashusha hata nguzo moja, ulikwenda kwanza kumsalimia alipokaa. Hilo sikulijua. Mimi nilikuwa nafungua kamba. Habari ya kifo chako ilimkuta kitandani hospitali, na wauguzi wakamkataza kupiga kelele kwa sababu ya wagonjwa wengine, akaimeza. Jumamosi alishuka kwenye gari, akaona tenti zako, akangoja umjie. Ukachelewa. Halafu akaona ni mimi ninayekuja.

Nikaketi mchangani. Akauliza, "Na wewe, ulimlilia lini?"

Nikamwambia ukweli. Siku ya kukuzika nilikuwa na kazi. Tulipiga tenti kwako tangu asubuhi, wageni wakawa wengi kuliko viti, na jenereta ikazima mara tatu. Walipokuwa wanakushusha nilikuwa nyuma ya jiko la mkeo nimeshika spana, nikasikia udongo unavyoangukia sanduku. Jenereta ikawaka. Baadaye tukakusanya viti, tukahesabu, tukapakia, tukaondoka kabla ya chakula kwa sababu kesho yake tulitakiwa Sondu. Kwako sijakanyaga tena tangu siku hiyo. Kila wiki nasema wiki ijayo.

Dani hakunilaumu. Aliniwekea kiganja kichwani, akakiacha pale muda, kisha akaomba mkono ainuke. Nilikunja kiti chake nikakipakia, na vijana waliponiona uso waliendelea na kamba zao bila kuniuliza.

Sasa sikiliza, Omera. Asubuhi hii nimempigia mkeo simu, nikamwambia nakuja Asembo Jumamosi. Akauliza lori litafika saa ngapi ili wafungue ua kule nyuma. Nikamwambia hakuna lori, nakuja peke yangu, nakuja kwa Ouma. Akasema, "Tumekungoja."

Kwa hiyo nitakuja. Nduru sitapiga, unajua kwetu hairuhusiwi, na sauti yenyewe ndiyo hii. Lakini nitapita lango la mbele kwa miguu, mchana, kila mtu anione, na nitakaa pale ulipo mpaka nimalize. Kazi ya Jumamosi hiyo nimeikataa, na simu nitaizima. Mungu akupe nafasi pana huko, ndugu yangu. Nisamehe kwa kuchelewa.

Wako,
Hamisi