Wageni wa Karabai

Chole, Ijumaa. Mvua za vuli zimeanza, na moyo wangu umetulia kidogo.

Wiki hii yote nilikuwa na kazi ya kubembeleza. Bi Mwanahamisi, mwanafunzi mkubwa kuliko wote katika darasa langu la kisomo cha watu wazima, alisusa. Kisa, nondo.

Tunasoma jioni, nje ya ofisi ya kijiji, karabai ikining'inia kwenye boriti. Mvua zilipoanza tu, nondo wakaifuata kwa fujo, wakawa wanajigonga kwenye kioo, wanaungua, wanadondokea madaftari. Mimi nikawa nawafagia na kuwamwagia kuku. Kuku walinipenda sana.

Bi Mwanahamisi hakunipenda.

"Mwalimu, unawafagia wageni wangu," alisema, akajifunga kanga yake akaondoka.

Kwao, nondo akiingia nyumbani, mgeni yuko njiani. Na mgeni anayemngoja ni mmoja tu: Shabani, mwanawe, aliyekwenda kukata mkonge Tanga kabla hatujahamishiwa huku kijijini. Nyumba aliyoiacha imebaki gofu kule porini. Huku nyumba zimepangwa mstari, zote zinafanana. Bibi anaogopa mtoto atarudi asimwone mama yake.

Mimi siamini mambo ya nondo. Lakini nampenda yule bibi, na ubishi wake na kicheko chake cha mapengo. Alipoondoka, darasa lilipooza.

Nikamwomba mume wangu, fundi baiskeli, anikatie debe. Akanicheka, eti nawashonea wadudu kofia. Akalikata hata hivyo, akaikinga karabai juu na ubavuni, mwanga ukawa unashukia ubaoni tu. Tukimaliza kusoma tunaizima palepale, hakuna tena kupiga soga chini ya taa. Nondo wamepungua kweli. Wengi wanapita zao gizani kwenda kwenye mipapai.

Nikaenda kumwambia Bi Mwanahamisi kwamba wageni wake hawafagiwi tena. Jana alirudi, akakaa mbele, akaitazama taa weee. Kisha akaniambia kujifunza kuandika jina lake kungoje kwanza, kuna maneno mawili anayataka. Nikamshika mkono tukaandika pamoja, halafu akaandika peke yake, akaniomba kipande cha chaki.

Asubuhi hii nimepita kwake. Mlangoni kuna herufi kubwa, zimepinda, zinasomeka: MAMA HAPA.

Nimelia njia nzima. Mvua ya leo ikizifuta, kesho nitampelekea chaki nyingine.