Gauni la Kilo Themanini

Kadutu, Bukavu
Jumapili, baada ya misa

Dada yangu mpendwa Yustina,

Shikamoo dada. Goti la mama linaendeleaje siku hizi? Na wale kuku wako waliokuwa wakisinzia, wamepona au mmeshawala? Huku kwetu watoto wote wawili ni wazima na wanasoma, na shemeji yako Deo ni mzima, bado anakoroma. Ya mji huu unayasikia redioni, sitayarudia. Ningependa kuandika kwamba hata mimi ni mzima. Dada, naogopa. Tangu Jumatano naogopa, hata nikiwa sokoni nampimia mteja dagaa, nasahau hesabu naanza upya, naye anadhani nataka kumpunja.

Utauliza kwa nini barua wakati simu ipo. Simu yenu mnaiweka sauti ya juu nyumba nzima isikie, na mama masikio yake ni mazito, ila lile lisilomhusu halimpiti. Barua hii anakuletea Mama Safi, jirani yangu wa sokoni, anayeshuka Uvira na kupanda boti kuja huko kufuata dagaa. Isome chumbani, peke yako, na uisome mpaka mwisho kwa sababu jambo lenyewe liko mwishoni.

Lilianza kwa harusi. Furaha, mdogo wake Deo wa mwisho, tunayeishi naye hapa nyumbani, anaolewa. Huku binti akiolewa, wanawake wote wa ukoo hushona kitenge cha aina moja, na fundi huanza kupima mapema maana magauni ni mengi na cherehani ni moja. Kwenye harusi iliyopita nilitokea pichani kama gunia la mihogo lililofungwa katikati. Deo hakulalamika, kwao mke mnene ni heshima ya mume. Lakini Furaha ni binti wa siku hizi. Akanipakulia kwenye simu programu ya kuhesabu chakula. Unaiambia uzito wako, kila mlo unaandika ulichokula, nayo inajumlisha kalori. Jioni unabonyeza kumaliza siku, inakuandikia kwa Kifaransa maneno ambayo sasa nayajua kama Baba Yetu: kama kila siku ingekuwa kama leo, baada ya majuma matano ungekuwa na kilo fulani.

Nilianza na kilo themanini na sita. Siku ya kwanza niliandika kwa uaminifu, ikanitabiria themanini na saba. Nilikasirika, dada! Niliizima nikaenda kuosha vyombo.

Na tazama taabu yake. Sombe, kisamvu cha huku, haiijui. Bugali, ugali wa huku, haiujui. Nikauandika bugali kama viazi vya kuponda, na sombe nikaipa jina la mchicha wa kopo. Halafu inauliza gramu ngapi. Sasa mimi nakula sahani moja na Furaha na wanangu, mikono minne inaingia, nani anajua gramu zangu? Nikawa nagawa sahani kwa nne. Watoto wanakula matonge mawili wanakimbia kucheza, yanayobaki ya kwao namalizia mimi, lakini kwenye simu niliandika robo. Beignet za sokoni, yale maandazi ya huku, sikuziandika, maana nilizila nimesimama. Parachichi sikuliandika, ni tunda la Mungu. Na soda, dada, soda sikuiandika hata moja.

Basi jioni moja nikabonyeza, simu ikaniambia: kilo themanini. Nilifurahi kama mtoto aliyenunuliwa viatu. Nilijua nimeidanganya, lakini lile neno "ungekuwa" lilikuwa tamu. Likanipa nguvu. Asubuhi nikaacha kupanda pikipiki, nikapandisha vilima vya Kadutu kwa miguu na beseni kichwani. Mtu akikuuliza kama vitu hivi vinatia moyo, mwambie ndiyo, vinatia moyo hata mwongo.

Ndipo nikafanya ujinga wangu. Nilikwenda kwa Maman Nabintu, fundi wetu, akazungusha utepe kiunoni, nikamwambia asishone kwa kipimo kile. Akate kwa mwili wa siku ya harusi, mwili wa kilo themanini. Alinitazama juu ya miwani.

"Maman Neema, weye unanichekesha. Huo mwili wa themanini iko wapi niupime?"

Nikamwonyesha simu.

"Mi napima mutu, sipime telefone. Sasa kama siku inafika na robe inakataa kuingia? Utaniletea matata mbele ya ba-belle-mère."

Nikamwambia gauni likikataa, hata mbele ya mama wakwe lawama ni zangu. Akakata.

Nilikuwa najipima kwenye mizani ya duka la dawa karibu na soko. Juma la pili mizani ilisema themanini. Majuma matano yalikuwa hayajafika, dada, na mimi nimeshafika! Nikaiandikia simu, ikanirushia karatasi za rangi kwenye kioo na kuniandikia hongera. Nilimwonyesha Furaha, nikamwonyesha Deo, nikamwonyesha hata muuza ndizi. Ndiyo siku ile ile niliyokupigia kujisifu. Kumbuka ulivyoniambia.

Majuma mawili baadaye gauni likawa kubwa. Maman Nabintu alilipunguza huku na huku. Jumatano nilirudi kulijaribu mara ya mwisho, likashuka mabegani kama limetundikwa kwenye mti. Sindano zikiwa midomoni, alisimama, akazitoa moja moja. Akafunga mlango wa kibanda chake, na mteja mwingine alikuwa nje anangoja.

"Nilishaipunguza. Sasa niko napunguza tena. Maman Neema, uko nakula?"

"Nakula."

"Unakula nini? Niambie yote, usinifiche."

Nikamtajia. Nilianza kama ninavyoiandikia simu, kisha kwa jinsi alivyonitazama nikaendelea na mengine: beignet, parachichi, mabaki ya watoto, soda mbili, siku hizi tatu, kwa kuwa kiu hainiachi. Na maji. Nimeshinda chooni wiki nzima. Nilipokuwa nikitaja, dada, nilijisikia mwenyewe. Nilikuwa nakula kuliko nilivyokula wakati wowote tangu nimnyonyeshe binti yangu Neema.

Fundi akasema taratibu, "Basi hiyo chakula yote inaendaka wapi?"

Utabiri ule niliutengeneza mimi kwa uongo. Kwa chakula nilichokuwa nakula kweli, ningekuwa nimenenepa. Kwa nini basi uongo wangu unatimia, tena unapitiliza? Mwili ulikuwa unaisha kwa hesabu yake nyingine, mimi nikapiga makofi. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, na mimi nguo yenyewe nilikuwa nimeivaa nazunguka nayo mbele ya kioo.

Ndipo nikamkumbuka baba.

Unakumbuka mkanda wake? Ule wa ngozi, alioutoboa tundu jipya kwa msumari, kisha tundu lingine. Na watu pale mtaani kwetu Mwanga wakamtania, mzee umerudi ujana, mzee utaoa wa pili. Naye akicheka, akipiga tumbo lake. Hakuna aliyeogopa. Mimi nilikuwa darasa la sita, nilichokiona ni sisimizi tu, mstari wa sisimizi nyuma ya bafu alipokuwa akienda kukojoa usiku, nikadhani mama amemwaga chai. Wewe ulikuwa mkubwa, wewe ndiye uliyemwosha miguu yenye vidonda mpaka mwisho. Miaka kumi na tisa sasa, na bado hatujawahi kulitaja jina la ugonjwa ule mezani. Tunasema tu baba aliugua miguu.

Alhamisi sikwenda sokoni. Sikumwambia Deo. Nilikaa kitandani na viatu miguuni, nasema nikimaliza kuhesabu mpaka mia naondoka, kisha nahesabu tena. Mficha maradhi kilio humfichua, naijua methali, nilimfundisha hata Neema kwa ajili ya shule. Kuijua na kuinuka ni mambo mawili. Mwishowe Maman Nabintu mwenyewe akaja, ameacha magauni ya watu, akanishika mkono tukashuka wote mpaka kituo cha afya. Njiani hakunituliza hata kidogo. Alisema tu, "Mi pia naogopa. Twende hivyo hivyo."

Muuguzi ni binti mdogo, mpole. Alinichoma kidole, akaweka tone la damu kwenye kile kimashine, akasubiri. Nilitazama uso wake, sikutazama mashine. Akachoma kidole kingine, kurudia.

"Maman, sukari iko juu. Iko juu sana. Kwenu kuko mutu alikuwaka na hii ugonjwa?"

Dada, nilitaka kusema hapana, kwetu baba aliugua miguu. Nikasema ndiyo, baba.

"Aliponaka?"

Nikatikisa kichwa. Akanishika bega, akaniambia niko hai, natembea, nimekuja mapema kuliko wengi wanaoletwa wamebebwa. Nimepewa vidonge, na daktari ataniona tena Jumanne. Soda imekwisha. Deo nilimwambia jioni ile, akamwaga chupa zote za soda zilizokuwa za harusi mbele ya mlango, moja baada ya nyingine, Furaha akipiga kelele. Hivyo ndivyo shemeji yako anavyolia.

Lakini bado naogopa. Naogopa macho, naogopa miguu yangu, kila nikivua viatu natazama vidole kimoja kimoja. Jana nilifungua ile programu kuifuta. Kabla sijaifuta nilibonyeza kumaliza siku, mazoea tu. Ikaniambia kama kila siku ingekuwa kama leo, baada ya majuma matano ningekuwa na kilo sabini na moja. Ikaongeza hongera. Nikaona jinsi isivyojua lolote kuhusu mimi. Nikaifuta.

Nisalimie mama, bila kumwambia. Msalimie shangazi mkubwa aliyemsaidia mama kutulea baada ya msiba, na mumeo shemeji Gervas, na mjomba mvuvi, mwambie migebuka yake nimeikumbuka. Watoto wako nawakumbatia.

Sasa lile la mwisho. Siku ile nilipokupigia kujisifu, ulicheka ukaniambia, "Hata mimi mdogo wangu nimepungua, gauni langu la Pasaka linanizunguka, na sijafanya mazoezi yoyote." Ukasema labda ni hili joto, maana unakunywa maji mtungi mzima. Na mimi, dada yangu, nilifanya nini? Nilikupigia kigelegele kwenye simu. Nilikuambia hongera.

Naifuta ile hongera. Asubuhi itakayofuata baada ya kusoma barua hii, kabla ya kuwafungulia kuku, nenda ukachomwe kidole. Ukinipigia na mama yuko karibu, usieleze kitu, sema tu, "Nilikwenda." Mpaka nisikie neno hilo sitalala vizuri.

Mdogo wako akupendaye,
Anastazia