Saa Tisa na Dakika Arobaini

Jumatatu, 3 Machi
Mama hakula leo. Daktari kasema tuhesabu siku, si wiki. Nikampigia kaka huko ughaibuni. Eti ni mbali, mdogo wangu, hiyo ni safari ya siku mbili. Siku mbili! Ananiambia mimi — miaka kumi na moja nakaa dirishani nakatia watu tiketi za ndege! Kilomita elfu saba mia sita na arobaini, uwanja kwa uwanja. Saa tisa na dakika arobaini angani, bila kutua popote. Siku mbili labda anakuja na punda.

Jumanne, 4 Machi
Mama kauliza mara tatu: kwani huko ni mbali sana? Nikasema si mbali. Basi nichane nywele, akasema, mwanangu asije akanikuta hivi. Mimi ninayemwogesha kila siku kumbe naruhusiwa kumwona timtim. Nimemchana. Zimebaki chache.

Jumatano, 5 Machi
Nimemwekea kaka nafasi ndege ya Jumamosi, bila kumwuliza. Mchana akapiga yule dada wa shirika la ndege, tumezoeana kwa simu. Kompyuta yao imekataa: mtu huyo huyo, jina hilo hilo, tayari ana kiti ndege hiyo hiyo. Moyo uliruka! Kumbe anakuja kimyakimya, anataka kutushtukiza! Nikajilaumu kwa yote niliyomwazia.
Halafu dada akashusha sauti. Abiria wangu haishii hapa, anabadilisha ndege tu. Yeye na mkewe, mapumziko ya siku kumi visiwani. Uwanjani kwetu atakaa saa nne na nusu.
Kutoka uwanjani hadi kitandani kwa mama ni dakika thelathini na tano, foleni ikiwepo.
Nikamhudumia mteja aliyefuata. Nilimkatia tiketi ya kwenda bila kurudi, mzee wa watu, ikabidi aniombe nirekebishe.

Alhamisi, 6 Machi
Ujumbe wa kaka: kazi zimembana, tumwombee mama. Namchukia.

Jumamosi, 8 Machi
Nimemwacha mama na jirani. Kachanwa, kavaa gauni lake la bluu. Nimemwambia kaka anafika leo. Na si uongo!
Niko uwanjani, ukumbi wa wanaofika, daftari magotini. Ndege imetua saa tatu na dakika kumi. Wote wametoka, yeye hayumo. Nikampigia. Kapokea! Eti yuko kazini, yuko kwenye kikao, atanipigia baadaye. Nyuma yake mwanamke kwenye spika anatangaza begi jeusi limesahauliwa mlango namba sita. Na spika ya juu ya kichwa changu inatangaza hilo hilo, neno kwa neno.
Amesikia kwamba nimesikia.
Nikamwambia: mama kachana nywele, kaka. Saa nne na nusu zinatosha.
Hajakata. Namsikia anavyohema. Dakika ya tatu hii — na jirani anapiga, laini ya pili.