Nafasi ya Kigae Kimoja

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipotutoka, na bado tukisikia mtu anapangusa viatu mlangoni tunadhani ni wewe umerudi kutoka kazini.

Ulikuwa ukirudi na kucha za buluu, wiki nyingine za kijani. Ulikula polepole, ulitembea polepole, hata hasira zako zilichelewa kufika, ndiyo maana mtaa mzima ulikuita Fundi Taratibu. Siku ya harusi ya kitinda mimba wako tulikusubiri saa nzima, nawe ukaingia unatabasamu kana kwamba sisi ndio tuliowahi mno.

Miaka ishirini na sita ulitengeneza vigae vya nakshi kwa mkono pale makumbusho, wageni wamekuzunguka, na hukuchoka kueleza. Sisi watoto tulikuja kukuona mara mojamoja. Mama hakuja hata siku moja. Ulipoacha kazi ya kiwandani alikwambia hakanyagi huko kwenye michoro yako, na neno hilo likamshinda kulirudisha. Hasira ziliisha zamani, Baba. Ilibaki aibu, nayo ilimkaa rohoni mpaka ukaondoka.

Mwezi uliopita alisema twende. Tuliingia kama wageni wengine. Mwanafunzi wako, yule binti uliyemsifu kwa mikono yake mitulivu, alikuwa kwenye meza yako akimimina rangi ndani ya kalibu ya chuma yenye vyumba vya nakshi, kila rangi kwenye chumba chake. Tulipomwambia huyu ni mkeo, akanawa mikono, akatupeleka kwenye mlango wa karakana. Sakafu yote pale ni kazi yako, ila kuna nafasi ya kigae kimoja iko wazi. Akasema kila mgeni alikuuliza habari za nafasi hiyo, nawe ulijibu vilevile: “Mwenyewe hajaja kukitengeneza.”

Mama alilia palepale, bila kujificha. Kisha akaomba aproni.

Alimimina rangi, akanyanyua kalibu kwa pupa, kosa lilelile ulilomwonya kila mgeni, na buluu ikamwagikia kwenye nyeupe. Binti akashauri waanze upya. Mama akakataa. Kigae kikajazwa saruji, kikashindiliwa, kikalowekwa, kikaachwa kikomae wiki tatu. Jana tulirudi naye, akapiga magoti akakipachika mwenyewe. Tulimuuliza kama ana hakika, maana doa lile linaonekana tangu barabarani.

“Angenicheka,” akasema, “halafu angekiweka hivihivi.”

Unakumbukwa na watoto wako wanne, wakwe zako, wajukuu saba, dada zako wawili na mafundi wenzako wa karakana. Unakumbukwa na mkeo, ambaye tangu siku ile ya kwanza kila Jumamosi yuko kwenye meza yako, anajifunza kungoja rangi ishike kabla ya kunyanyua.

Hutatutoka moyoni, Baba, daima.